Nyumba Inapozunguka Ukigeuka Kitandani: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kutibu Kizunguzungu cha Mkao

Shangazi yangu aliacha kusujudu. Alianza kusali akiwa amekaa kwenye kiti, nasi tukadhani ni magoti, maana umri umeshakwenda. Kumbe kila akiinamisha paji la uso kwenye mswala, chumba kizima kinamzunguka, anatafuta ukuta wa kushika, wakati mwingine anatapika. Usiku alilala ameegemea mito mitatu. Kwa miezi minne alimeza dawa za presha alizoandikiwa baada ya kupimwa mara moja tu, siku ambayo alikuwa anatetemeka kwa hofu. Nilipomlaza chali na kumgeuza kichwa upande wa kulia, macho yake yalinijibu ndani ya sekunde kumi. Tiba ilikwisha kwa dakika tano, bila kidonge.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na wagonjwa wa namna ya shangazi nawapata kila mara, wengi wao wakiwa wameshapita milango mitatu au minne. Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida mno. Watu huuita kizunguzungu, kisunzi au kisulisuli. Kwenye kadi ya hospitali utaukuta umeandikwa kwa herufi BPPV. Hapa nitauita kizunguzungu cha mkao, kwa sababu huja kichwa kinapobadili mkao na huondoka chenyewe kikitulia.

Kinachotokea ndani ya sikio

Ndani kabisa, kupita ngoma ya sikio, kuna mifereji mitatu myembamba iliyopinda kama nusu duara, imejaa majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake. Ubongo huisoma mifereji hiyo kama fundi mwashi anavyosoma pima maji yake: majimaji yakisogea, unajua kichwa kimegeuka na kimeelekea wapi.

Jirani na mifereji kuna kifuko chenye chembe ndogo sana za chokaa. Kila mtu anazo, na kazi yake ni kutuhabarisha ipi juu ipi chini. Balaa huanza chembe hizo zinapobanduka na kudondokea ndani ya mfereji. Ukilala au ukigeuka, zinateremka kama mchanga ndani ya mpira wa maji, zinayaburuta majimaji. Kichwa kimeshatulia lakini majimaji bado yanakwenda, kwa hiyo ubongo unaamini mwili unazunguka, na macho yanaanza kurukaruka. Chembe zikifika chini ya mfereji, zogo lote linakoma. Ndiyo sababu kizunguzungu hiki hudumu chini ya dakika moja, hata kama mgonjwa ataapa kwamba kilidumu nusu saa. Kinachobaki muda mrefu ni kichefuchefu, woga na miguu kulegea.

Mfereji wa nyuma ndio unaopatwa zaidi, kwa wagonjwa 8 hadi 9 kati ya 10, maana ndio uliokaa chini kabisa. Wa pembeni unafuata. Wa mbele ni nadra.

Mara nyingi hatupati sababu ya kubanduka. Tunachojua ni kwamba huwapata zaidi wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wanawake kuliko wanaume, na watu waliogongwa kichwa. Kijana aliyeanguka na bodaboda akaanza kizunguzungu siku chache baadaye asiambiwe ni mshtuko tu. Mlaze umpime, ukishahakikisha shingo na kichwa havikuumia. Wengine huanza baada ya maambukizi ya sikio la ndani, au baada ya kulazwa kitandani wiki nyingi.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kugusa

Mtu akisema "nina kizunguzungu" hajasema kitu bado. Anaweza kuwa anamaanisha macho kuingia giza, mwili kukosa nguvu, kupepesuka, au nyumba kuzunguka. Mwache aeleze kwa maneno yake, kisha uliza mambo matatu.

La kwanza, kilipoanza alikuwa anafanya nini? Majibu ya kizunguzungu cha mkao yanafanana sana: alikuwa anageuka kitandani, anaamka alfajiri, anaanika nguo kwenye kamba ya juu, anainama kufagia kwa fagio fupi, amelaza kichwa kwenye beseni la saluni, au anasujudu.

La pili, na ndilo ninalolitegemea kuliko yote: ukiwa umelala tayari, ukijigeuza tu upande wa pili bila kuinuka, kinakuja? Presha ya kushuka, upungufu wa damu na upungufu wa maji mwilini humpata mtu anaposimama. Havimpati mtu anayejibiringisha godoroni. Akijibu "ndiyo, tena upande wa kulia ndio mbaya zaidi", umeshapata nusu ya jibu, pamoja na sikio la kuanza nalo.

La tatu, kinadumu muda gani? Mwambie ahesabu siku kitakapomjia tena. Kikidumu saa kadhaa, pamoja na sikio kuvuma na usikivu kupungua, huo ni ugonjwa mwingine wa sikio. Kikidumu siku nzima mfululizo bila kukoma hata akitulia, pia ni jambo lingine. Na wapo waliochomwa sindano za streptomaisini au gentamaisini siku za nyuma: hao hupepesuka gizani na huona vitu vikirukaruka wanapotembea, lakini kulala chini hakuwazungushi. Sindano hizo zinaweza kuharibu mitambo ya usawa, na kugeuza kichwa hakutawasaidia.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usijaribu kipimo wala tiba ya nyumbani kama kizunguzungu kimeandamana na lolote kati ya haya: kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mkono au mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kushindwa kabisa kutembea bila kushikwa, kuzimia, au sikio moja kuziba usikivu kwa ghafla. Hizo zinaweza kuwa dalili za kiharusi au tatizo jingine linalohesabiwa kwa saa. Mtu mwenye presha au kisukari anayepata kizunguzungu kisichokoma apelekwe siku hiyohiyo.

Wapo pia wasiopaswa kugeuzwa shingo nyumbani hata kama ugonjwa ni huuhuu: aliyevunjika au kufanyiwa upasuaji wa shingo, mwenye baridi yabisi kali iliyoingia shingoni, aliyeambiwa mishipa ya shingo imeziba, na aliyefanyiwa operesheni ya jicho hivi karibuni. Hao waende kwa mtaalamu, ambaye ana namna nyingine za kuwageuza.

Hatua ya pili: kipimo cha kitandani

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1952 na madaktari wawili wa London, Margaret Dix na Charles Hallpike, na mpaka leo hakuna mashine iliyokipiku. Picha za kichwa za gharama kubwa hazizioni chembe hizi. Nimeona watu wakiuza mbuzi kulipia picha ambayo ingetoka safi vyovyote vile, na inaniuma kila nikikumbuka.

Unahitaji kitanda, mto mmoja na msaidizi. Mgonjwa asiwe ameshiba. Mweleze mapema kwamba kizunguzungu kitakuja, kwamba kitaisha chini ya dakika moja, na kwamba hutamwachia. Weka ndoo karibu.

1. Mkalishe kitandani miguu imenyooka mbele, mto ukiwa nyuma yake mahali ambapo mabega yatatua, si kichwa.
2. Geuza kichwa chake kulia, nusu ya safari ya kuelekea begani.
3. Mshike kichwa na mabega, mlaze chali kwa haraka ya wastani, kichwa kikibaki kimegeukia kulia. Mabega yatue kwenye mto, kichwa kilalie nyuma yake kidogo, kidevu kikiwa juu.
4. Mwambie afumbue macho na asiyafumbe hata akitamani. Yatazame kwa nusu dakika.
5. Mwinue taratibu, mpe dakika mbili, kisha rudia upande wa kushoto.

Kama chembe ziko kwenye mfereji wa nyuma wa sikio lililo chini, utaona mambo kwa mpangilio. Kwanza kimya cha sekunde chache. Kisha mgonjwa anakushika mkono kwa nguvu, na macho yanaanza kurukaruka kwa mduara, yakivuta kuelekea sikio la chini na juu upande wa paji la uso. Yanapanda kwa kasi, halafu yanafifia na kutulia kabla ya dakika kuisha. Ukimwinua, mara nyingi yanaruka tena kidogo kwa mwelekeo wa kinyume. Upande ulioamsha haya ndio wa kutibu.

Macho yakiruka kwenda chini tu bila kuzunguka, au yakiendelea bila kutulia, au yakiruka wakati mgonjwa hahisi chochote, acha hapo umpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa mishipa ya fahamu.

Ukiwa peke yako bado unaweza kupima kwa kuhisi: upande utakaokuzungusha zaidi ndio unaosumbua. Ila mara ya kwanza usiwe peke yako nyumbani.

Hatua ya tatu: kuzirudisha chembe

Njia hii ni ya John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama chembe zimeingia mferejini kwa uzito wake, basi zinaweza kutoka kwa uzito huohuo, mradi kichwa kigeuzwe kufuata mkunjo wa mfereji. Aliwaonyesha wenzake mwaka 1980. Wengi walimpuuza, na makala yake ilichapishwa mwaka 1992. Huo ni muda mrefu ambao watu waliendelea kuzunguka bila sababu, na nikiangalia hali ya vituo vyetu naona kwa wengi muda huo haujaisha.

Nitaeleza kwa sikio la kulia. Kwa la kushoto, badilisha kila neno kulia liwe kushoto, na kushoto liwe kulia. Kila mkao ukae sekunde 30 hadi 60. Kizunguzungu kikiwa bado hakijaisha, subiri kiishe.

1. Kaa kitandani miguu imenyooka, mto nyuma ya mabega. Geuza kichwa kulia, nusu ya safari ya kwenda begani.
2. Lala chali haraka kiasi, kichwa kikiwa bado kulia na kimelala nyuma kidogo, kidevu juu. Kizunguzungu kitakuja. Vumilia, pumua, macho wazi.
3. Bila kuinua kichwa, kigeuze kuelekea kushoto mpaka kifike nusu ya safari ya bega la kushoto. Kikizunguka tena hapa kidogo, ni habari njema: chembe zinasogea.
4. Sasa geuza mwili mzima ulalie ubavu wa kushoto, na kichwa kizidi kugeuka pamoja nao mpaka pua iangalie sakafu. Hatua hii ndiyo wengi wanaiharibu. Wanalala ubavu lakini uso unabaki umeangalia ukuta, chembe zinaishia njiani. Mwambie mgonjwa atafute kwa macho viatu vilivyo sakafuni.
5. Teremsha miguu upande huohuo wa kushoto, inuka ukae, kidevu kimeinamia kifuani. Msaidizi amshike mabega hapa, kwa sababu wengine huhisi wamesukumwa ghafla na wanaweza kuanguka.

Akae ametulia dakika kumi au kumi na tano, kisha mpime tena kama mwanzo. Kama bado macho yanaruka, rudia. Watu wengi hupona kwa kikao kimoja au viwili. Anayeendelea mwenyewe nyumbani afanye mara tatu kwa siku, mpaka zipite saa 24 bila kizunguzungu hata kimoja, kisha aache.

Wenye shingo ngumu isiyolala nyuma wana njia ya Semont, mfiziotherapia wa Ufaransa, na wazee wengi huipenda zaidi. Mgonjwa wa sikio la kulia anakaa pembeni mwa kitanda miguu chini, anageuza kichwa nusu kwenda kushoto, kisha anaangukia ubavu wa kulia haraka, uso ukiangalia dari. Anakaa dakika moja. Halafu, bila kubadili pembe ya kichwa hata kidogo, msaidizi anamrusha kwa mwendo mmoja mpaka ubavu wa kushoto, pua ikiangalia godoro. Dakika moja tena, kisha anainuka polepole. Siri yake ni mwendo wa haraka usiosimama katikati, kwa hiyo kamwe usimfanyie mtu asiyekuamini.

Kikiwa mfereji wa pembeni

Utaushuku pale kipimo cha kwanza kinapokuwa kimya au macho yanaporuka kulia na kushoto tu, na mgonjwa anasema kugeuka ubavu kwa ubavu kitandani kunamzungusha pande zote mbili. Mlaze chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa mto, mgeuze uso kulia kabisa, kisha kushoto kabisa. Kama kila upande macho yanarukia godoroni, sikio linalosumbua ni la upande wenye nguvu zaidi.

Tiba ni kumbiringisha kama mahindi ya kuchoma: kutoka chali, geuza kichwa na mwili robo duara kuelekea upande wa sikio zima, yaani lisilosumbua, kisha tumbo, kisha ubavu wa pili, kila mkao ukikaa mpaka macho yatulie, halafu akae. Asiyeweza kubiringika anaweza kulala usiku kucha kwa ubavu wa sikio zima. Hiyo ya mwisho ni tiba kamili, si ya kubahatisha, na mgonjwa dhaifu huimudu.

Kama macho yanarukia dari badala ya godoro, chembe zimekaa mahali pengine na hesabu ya upande inageuka. Hapo mwachie mtaalamu.

Kuhusu vidonge

Sinarizini, betahistini na prokloperazini hazisogezi chembe. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimekuta watu wenye mwaka mzima wa sinarizini ndani ya mkoba. Sinarizini na prokloperazini huufanya ubongo usisikie fujo ya sikio, lakini pia humfanya mzee asinzie, apepesuke na aanguke, na zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta mitetemeko ya mikono na kukakamaa. Zina kazi moja hapa: anayetapika sana anaweza kupewa ya kuzuia kutapika nusu saa kabla ya kugeuzwa. Siku moja, mbili, basi.

Usiache dawa za presha kwa sababu ya mwongozo huu. Shangazi alirudi kupimwa presha asubuhi tatu tofauti akiwa ametulia, na uamuzi wa dawa ulifanywa na daktari kwa namba hizo.

Baada ya kupona

Ushauri wa zamani wa kulala umekaa siku mbili au kuvaa kola ya shingo hauna faida. Mgonjwa alale anavyotaka. Kichwa kuwa chepesi na miguu kutojiamini kunaweza kubaki siku kadhaa, hata wiki mbili, na kunakwisha haraka zaidi kwa anayetembea kuliko kwa anayejilaza. Asipande ngazi wala kuendesha pikipiki mpaka awe amepimwa tena kitandani na macho yametulia.

Ugonjwa huu hurudi. Karibu nusu ya wagonjwa huupata tena ndani ya miaka mitano. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba kuwapa vitamini D na kalisi wale waliokuwa na upungufu kulipunguza kurudi kwake kwa takriban robo. Kwa hiyo anayerudiwa mara kwa mara apimwe vitamini D ikiwezekana, hasa mama anayeshinda ndani na mzee asiyetoka. Jua la pwani halimsaidii mtu asiyeliona.

Kikirudi, usikurupuke kutibu sikio la mwaka jana. Pima pande zote mbili upya, maana safari hii linaweza kuwa la pili, na kumgeuza mtu kwa sikio lisilohusika ni kumtesa bure. Shangazi ameandika kwa kalamu nyuma ya kalenda ya ukutani: mwezi, neno "kulia", na alama moja kwa kila siku aliyogeuzwa. Binti yake anajua mto unawekwa wapi na pua iangalie wapi. Wakifanya kwa siku tatu bila nafuu wananipigia simu, nami nawapeleka kwa daktari wa masikio.